Mtazame Anayemtazama wa Mwisho

Mtu aliyekulia Heru Juu au Manyovu ana miguu ya mlima tangu utotoni. Hupanda na kushuka kwenda shambani, mtoni na sokoni, mzigo ukiwa kichwani. Ndiyo maana kwetu Kigoma ni rahisi kudhani kwamba mwenye mapafu makubwa na hatua ndefu anafaa kuongoza wengine mlimani. Nguvu ni sharti la kuanzia tu. Ufundi wenyewe unaonekana kwa yule anayetembea nyuma ya wote: amekunywa maji lini, anakanyagaje, amenyamaza tangu saa ngapi. Mwongozaji anayeyajua hayo bila kuuliza ndiye wa kulipwa.

Tuanzie Mahale, milima mikubwa ya mkoa wetu. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1985 na ndani yake hakuna barabara. Ukishuka kwenye boti, mengine yote ni miguu. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, na Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi, kwa hiyo anayeanzia ufukweni hupanda karibu mita 1,700. Barafu hakuna, wala hewa haipungui kiasi cha kudhuru. Kinachowaangusha watu ni joto la msitu wa chini, mwinuko mkali na kiu. Mwongozaji hodari huondoka kabla jua halijakolea, na saa ya kwanza huenda taratibu hadi vijana wanakereka. Kama kila mtu anaweza kumaliza sentensi nzima huku anapanda, mwendo huo umepimwa. Mwongozaji dhaifu hukimbia, kisha hukaa kuwasubiri waliobaki. Wa mwisho akitokea tu, yeye anasimama na kuondoka. Hapo aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika. Nikiliona kosa hilo mara mbili katika asubuhi moja, sihitaji ushahidi mwingine.

Huko huko Mahale, angalia anavyowalinda sokwe. Wageni hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa umbali usiopungua mita 10, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua wanyama hao. Mwongozaji anayemwacha kambini mgeni mwenye kikohozi, hata kama mgeni huyo amelipa fedha nyingi na amekasirika, ana msimamo. Huyo naweza kumkabidhi maisha yangu kwenye mlima mkubwa zaidi.

Kilimanjaro ndio mlima huo. Kwenye kilele chake cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na mwili hauwezi kuharakishwa kuuzoea. Katika njia ya Machame msafara hupandishwa hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha hushushwa kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Wageni wengi huona kwamba wamechoshwa bure. Mwongozaji anayeijua kazi atawaeleza kwamba siku hiyo ndiyo inayowafikisha kileleni, na hatakubali kuikata ratiba ili kuokoa gharama ya kambi moja.

Jioni, mtafute wakati wa chakula. Je, anakula na wenzake jikoni tu, au anapita kuona nani amebakiza wali? Kichwa kuuma kidogo ni kawaida ya kimo kile. Lakini anayepepesuka kama mlevi, au anayehema ilhali amekaa, lazima ashushwe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na kilele kinaonekana. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia. Mimi namwamini zaidi yule ambaye, baada ya kusoma namba, humwambia mgonjwa atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Na awe na wasaidizi wa kutosha: mmoja ashuke na mgonjwa, wengine wasibaki yatima gizani.

Saa pia ni ufundi. Kwenye njia ya Western Breach, huko huko Kilimanjaro, Januari 2006, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji 3 kutoka Marekani. Barafu ndiyo inayoyashika mawe ya aina ile. Jua likiiyeyusha, yanaachia. Anayechelewa kuamsha watu mahali kama hapo hafai, hata awe mcheshi namna gani.

Kwa kazi ya kamba inabidi kwenda Mlima Kenya. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hupandwa kwa miguu, lakini Batian (5,199) na Nelion (5,188) ni miamba mitupu. Mpandaji Mackinder alifika Batian 1899 akiwa na waongozaji wawili wa milima ya Alps, Ollier na Brocherel. Hakwenda peke yake. Hapa tazama mikono ya mwongozaji. Hukagua fundo lako kwa kuligusa, naye hukuachia ukague lake. Kamba haifungi kwenye jiwe moja pekee, na kila anapofunga huvuta kwanza. Hapigi kelele.

Mara nyingi wa mwisho katika msafara ni mpagazi. Kilimanjaro mzigo wake una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini, lakini viatu vyake na mahali atakapolala havipimwi na mtu. Chungulia hema lao. Mwongozaji asiyejua jina la kijana anayembebea jiko hatajua pia siku kijana huyo atakapoanza kuhema vibaya.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, muulize alipomrudisha mgeni mara ya mwisho. Mjuzi atakutajia mahali, saa, dalili alizoziona, nani aliyeshuka na mgonjwa, na wengine walibaki na nani. Akijibu kwamba wageni wake wote hufika kileleni, tafuta mwingine.