Wadudu Hawajaonekana

Mgonjwa akitoka maabara na karatasi mkononi, anachotaka kujua kwanza ni idadi. "Nimekutwa na malaria ngapi?" Wapo wanaorudi nyumbani na malaria mbili, wengine tatu, na mwenye nne huonewa huruma na mtaa mzima. Hesabu hiyo ilizaliwa na alama za kujumlisha zilizokuwa zikiandikwa kwenye majibu ya damu: moja kwa wadudu wachache, nne kwa wengi mno. Mitaani alama zikageuka idadi. Yule aliyeinamia hadubini mpaka shingo ikamkakamaa hakuna amuulizaye.

Kazi yake huanza kabla ya hadubini. Kidole cha pete hufutwa kwa spiriti, kikaachwa kikauke, ndipo kikachomwa. Tone la kwanza hupanguswa. Slaidi moja hubeba damu mara mbili. Sehemu moja hutandazwa kama kishilingi, upana wa milimita 12 hivi. Nyingine huvutwa kwa ukingo wa slaidi ya pili hadi ikawa utando mwembamba wenye ncha kama ya ulimi. Tone nene lina kipimo chake: slaidi ikiwekwa juu ya gazeti damu ikiwa bado mbichi, maandishi yasomeke kwa chini. Yasiposomeka, damu imezidi na itabanduka wakati wa kuoshwa. Hii ni kazi mojawapo ya gazeti ambayo simu haijainyang'anya.

Kisha rangi. Utando mwembamba huoshwa kwa methanoli ili seli zishike kwenye kioo. Tone nene likiguswa na methanoli hiyohiyo limeharibika, kwa sababu humo seli nyekundu zinatakiwa zipasuke, vibaki vimelea na seli nyeupe. Fundi mzembe huyachanganya haya mawili, na slaidi humuumbua. Rangi yenyewe ina jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyetangaza utaratibu wake mwaka 1904. Huchanganywa na maji yenye pH 7.2, na ikiwa ya asilimia 10, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, hakuwa na rangi hiyo. Tarehe 6 Novemba 1880, huko Constantine nchini Algeria, alikuwa akitazama damu mbichi ya askari mgonjwa alipoona viumbe vikitikisa nyuzi kama mijeledi.

Msomaji wa leo hudondosha tone la mafuta juu ya slaidi, akashusha lenzi ya 100. Pamoja na ile ya jichoni inayokuza mara 10, anaona vitu vimekuzwa mara 1,000. (Kamusi husema hadubini, kwenye maabara nyingi utasikia darubini, na hakuna anayepotea.) Katika utando mwembamba, kimelea kichanga hufanana na pete yenye kito: duara la buluu, nukta nyekundu. Kwenye tone nene pete hizo hukatika, akabaki anasoma kitu kama mwandiko: hapa alama ya mkato, pale alama ya mshangao, kwingine mbayuwayu mwenye mabawa wazi. Chembe za kugandisha damu huiga. Masalia ya rangi huiga. Vumbi nalo hujaribu. Hakuna kitabu kinachomaliza somo hili, hujifunzwa kwa slaidi baada ya slaidi, kando ya mkubwa wa kazi anayesema, "Hiyo ni rangi tu, songa mbele." Zawadi ya siku ni kukuta kimelea kilichokomaa cha Plasmodium falciparum, kimepinda kama mwezi mwandamo. Hicho hakibishaniwi.

Akikuta vimelea, huvihesabu sambamba na seli nyeupe mpaka zifike 200. Vimelea 50 kwa seli nyeupe 200, kwa kukadiria kuwa mtu ana seli nyeupe 8,000 katika mikrolita moja ya damu, ni vimelea 2,000 kwa mikrolita. Malaria tatu ya mtaani haina usahihi huo.

Asipoviona, kazi ndiyo kwanza inanoga. Hukagua viwanja 100, kimoja baada ya kimoja, huku foleni ikinung'unika nje. Baada ya hapo haandiki kwamba mgonjwa hana malaria. Huandika kwamba wadudu hawajaonekana. Ni tofauti ndogo ya maneno, lakini uaminifu wote wa ufundi huu umelala hapo.

Kipimo cha haraka kimempunguzia mzigo, na kwenye zahanati isiyo na umeme ni mkombozi. Lakini hakihesabu. Vingi vya aina hiyo hunasa protini ya HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na nchini Eritrea wamekutwa wagonjwa wengi wenye vimelea visivyoitoa kabisa. Ndiyo maana hadubini haijafunikwa kitambaa.

Katika tafiti, slaidi moja husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana huitwa wa tatu, naye hukabidhiwa slaidi bila kuambiwa wenzake wameona nini.