Mashine Inayokufa Alfajiri

Julai iliyopita mashine ya sikio ya mjomba wangu, mkazi wa Umoja, Nairobi, ilikuwa ikifa kila alfajiri na kufufuka mwendo wa saa nne. Alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu akisikia hadi geti la jirani linavyolia. Akifika steji, kimya. Kondakta anapaza sauti, matatu ya manyanga inadunda muziki, yeye anaona midomo tu.

Hukumu alikwisha kuitoa: betri za siku hizi ni feki. Kila asubuhi alibandua nyingine, na ile iliyotoka akairudishia kibandiko na kuitupa mfukoni pamoja na sarafu. Pesa za bure hizo. Betri hizi ni za zinki na hewa; chini ya kibandiko kuna vitundu, na ukikibandua oksijeni huingia na kazi huanza. Kukirudisha hakuizimi, inaendelea kuisha hata kama haijavaliwa. Sarafu nazo zinaweza kuipiga shoti. Tena yeye alikuwa akibandua na kufunga papo hapo, ilhali betri mpya inataka kuachwa wazi dakika chache, hata 5, ivute hewa kwanza. Yake ni saizi 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Saizi 10 ni njano, 312 kahawia, 675 buluu, na rangi hizo hazibadiliki sana kutoka kampuni hadi kampuni, kwa hiyo hata asiyeona maandishi vizuri anaweza kununua bila kukosea.

Lakini betri haikuwa mkosaji. Nilimsindikiza asubuhi moja, na aliponionyesha kwa mkono kwamba imezima, nikamwambia, "Mjomba, nipe kwanza." Mashine yake ni ile inayokaa nyuma ya sikio: sanduku dogo, ndoano inayopinda juu ya sikio, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kisha moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio lake. Sauti hupita njia hiyo moja, kwa hiyo kutafuta hitilafu ni kuikata njia vipande.

Niliifumbata kiganjani ikiwa nzima. Mashine iliyo hai ikifumbatwa hupiga firimbi, maana sauti inayotoka inarudi kwenye maikrofoni na kuzunguka. Kimya. Nikauchomoa mpira kwenye ndoano, nikafumbata sanduku peke yake, likalia mpaka abiria mmoja akageuka. Betri nzima, maikrofoni nzima, spika nzima. Mkosaji yuko mbele ya ndoano. Nikauinua mpira kwenye taa ya matatu: tone la maji, dogo kuliko punje ya mtama, limekaa katikati kama kizibo.

Baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti ndiyo iliyolileta. Hewa ya ndani ya sikio ina joto na unyevu. Inapanda kwenye mpira uliopigwa na ubaridi wa alfajiri, na mvuke unageuka maji, kama kifuniko cha sufuria ya ugali. Jua likipanda tone linakauka, na saa nne mzee anasikia tena.

"Lakini mpwa wangu," akasema, "mimi huipuliza kila siku." Anaipuliza kwa mdomo! Pumzi ya mtu imejaa maji. Dawa yake ilikuwa inaongeza ugonjwa.

Kinachotakiwa ni kipampu cha mpira cha kubana kwa vidole, kile wanachokitoa kliniki za masikio. Unachomoa moldi na mpira wake, unapuliza kuanzia upande wa mpira, tone linaruka nje. Usiku, mashine inalala kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vijipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Betri itolewe kwanza, kwa sababu ukavu ule huikausha nayo, na iwekwe mbali na wajukuu: mtoto akiimeza, ni hospitali mara moja. Moldi huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha inaachwa ikauke hadi asubuhi. Sanduku haliguswi na maji kamwe. Kuhusu kuikausha karibu na jiko la makaa, nimeshaona sanduku lililopinda. Sina la kuongeza.

Baada ya hapo tuliijaribu kwa sauti 6 za kipimo cha Daniel Ling, zinazogusa usemi kutoka besi hadi nyembamba: mm, uu, aa, ii, sh, s. Nilisimama nyuma yake, hatua moja, asione midomo, tukangoja kwanza jirani azime redio. Akarudia 5. S ilimpita, na ilimpita tena kesho yake ijapokuwa mpira ulikuwa mkavu.

Nikautazama mpira wenyewe. Ulikuwa umegeuka njano na kukakamaa, na mashine ilikuwa inapiga firimbi hata ikiwa sikioni. Nikaziba tundu la ndoano kwa kidole, firimbi ikakata. Basi uvujaji ulikuwa kwenye mpira au moldi, wala si ndani ya sanduku. Kliniki walibadilisha mpira na, kabla ya kumrudishia, wakachungulia sikio lake na kutoa nta iliyoganda kama gundi. Sasa kipampu kinakaa mfuko wa koti, upande usio na sarafu.