Hongereni, wahandisi wa mifumo Njombe

Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, lori la viazi linasimama. Mkusanya ushuru anabonyeza mashine, risiti inachomoza, dereva anaikunja na kuitia mfukoni.

Nyuma ya karatasi hiyo kuna wahandisi wa mifumo. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kusimamia kazi kama yao, ilianza 2012, mwaka uleule ulipozaliwa Mkoa wa Njombe. Sheria ya 2019 ikaifanya Mamlaka. Huku halmashauri, kazi ya wahandisi hao mimi naipima kwa senti: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ushuru ukivuja, mama wa kikundi anakosa mtaji. Hongereni sana, ndugu zetu.