Injini Ilikaa Mkiani

Mliouona ule mkokoteni wa skrapu Jumamosi, ukitoka Dandora kwenda Kariobangi Laiti, mnajua kilichotokea kwenye tuta. Mimi nina shida na kilichotokea kabla ya safari kuanza, pale injini ya gari ilipoachwa mkiani. Kosa lilikuwa hapo, na halina utetezi.

Kupandisha kwenyewe sina neno: mbao ya mita 3 hadi kitanda chenye kimo cha sentimita 75, mtaimbo kwa chini, injini ikapanda kwa robo ya uzito wake, ukiacha msuguano.

Ilipofika juu, jamaa akaamuru ibaki hapo hapo nyuma ili iwe ya kwanza kushuka. Mbele yakapangwa magunia ya chupa za plastiki, mzigo wa kujaza macho tu. Sasa, mkokoteni ni wenzo na egemeo lake ni ekseli. Tuseme injini ni kilo 100, imekaa mita 1 nyuma ya ekseli, na mishikio iko mita 1.5 mbele. Zidisha, gawanya: mishikio inataka kupaa kwa nguvu ya karibu kilo 67. Jamaa mwenyewe, kwa kumtazama, hafiki 65.

Ingesogezwa sentimita 80 mbele, injini ile ile ingeinua mishikio kwa kilo 13 na kitu, nayo magunia yangemalizana nazo. Mtaimbo walikuwa nao mkononi! Badala yake wakaitwa vijana wawili waning'inie kwenye mishikio. Mzigo umepangwa vibaya, dawa ikawa kuongeza mzigo.

Na breki je? Kile kipande cha tairi kilichofungwa nyuma hukamata lami mishikio ikiinuka. Hamali akiteremka ndivyo anavyojizuia. Basi kila vijana walipolegea, mkia ulishuka na tairi likaburuta. Jamaa alivuta njia nzima huku amefunga breki. Walipofika kwenye tuta, vijana wakaruka chini wasukume. Miguu ya jamaa hewani mliiona wenyewe.

Nimelisema hili na nitalirudia: shule zina lawama hapa. Kizazi kizima cha 8-4-4 kilikariri kwamba toroli ni wenzo wa daraja la pili na koleo la makaa ni la tatu, bila mtu kusogeza jiwe juu ya ubao akaona. Wakaambiwa mashine hurahisisha kazi, wakaelewa inagawa nguvu za bure. Ile mbao iliwapunguzia nguvu kwa kuwatembeza mara nne ya kimo cha kitanda. Hakuna cha bure pale.

Mahamali wa zamani wa Marikiti hawakukariri madaraja. Gunia la kwanza la viazi lilikaa juu ya ekseli, na kabla ya kuondoka mshikio ulipimwa kwa kiganja. Ukipaa, gunia lilihamishwa, mwenye mali apende asipende.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa wetu wanajua. Kwa mnunuzi wa skrapu, injini iliwekwa kwenye mizani ya kijiwe cha kusukuma, wenzo mtupu. Mnunuzi alipokisogeza kijiwe alama moja tu kuelekea egemeo, wote watatu walipiga kelele kwa pamoja.