Mama Mwenye Matawi: Uhakiki wa Istilahi "Kampuni Mama" na "Kampuni Tanzu"

Magazeti yetu husema kwamba kampuni kubwa inayomiliki kampuni nyingine katika nchi ya kigeni ni "kampuni mama", na ile inayomilikiwa ni "kampuni tanzu". Istilahi hizi zimezoeleka kiasi kwamba hatuzihoji tena. Makala haya yanazihoji. Hoja yangu ni kwamba zinatuficha mambo mawili: nani anaamua, na nani anawajibika. Nitazipima kwa mfano wa kiwanda kilichopo wilayani kwetu Rusizi, yaani kiwanda cha saruji cha Cimerwa, huko Muganza katika bonde la Bugarama.

Tuanze na lugha yenyewe. Mama huzaa mwana. Mti hutoa utanzu. Istilahi zetu zimechukua mama kutoka picha moja na tanzu kutoka picha nyingine, tukapata mama mwenye matawi. Kifaransa, ambacho wengi wetu tulikikuta nyumbani, kimeshika picha moja tu, ya mama na mtoto. Kiingereza huiita kampuni inayomilikiwa kwa neno lenye asili ya Kilatini lililohusu msaada na askari wa akiba. Kila picha ina maana inayoibeba kimyakimya. Sisi tuliosoma tanzu za fasihi tunajua kwamba utanzu hutegemea shina. Na kuhusu mama, wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili, kabla hajaambiwa lolote, ameshaamini kwamba kampuni ya kigeni ina huruma ya mzazi, na kwamba ya hapa haiwezi kuishi bila hiyo.

Sasa tuitazame Cimerwa. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1982. Mwishoni mwa mwaka 2012, PPC ya Afrika Kusini ilikubaliana kuchukua asilimia 51 ya hisa zake. Mwaka 2015 kiwanda kipya kilizinduliwa, chenye uwezo wa kuzalisha tani 600,000 kwa mwaka, ilhali kile cha zamani kilikuwa cha tani 100,000 hivi. Agosti 2020 hisa za Cimerwa ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Rwanda. Novemba 2023 PPC ilitangaza kwamba inauza asilimia zake 51 kwa kampuni ya saruji ya Kenya iliyo chini ya kundi la Devki, kwa dola za Marekani milioni 42.5. Mauzo hayo yalikamilika Januari 2024.

Je, ni mama gani anayemuuza mwanawe kwa bei iliyotangazwa? Na ni utanzu gani unaokatwa kwenye shina moja, ukapachikwa kwenye jingine, nao ukaendelea kuzaa? Chokaa ya Bugarama haikuhama. Kiwanda hakikuhama. Kilichohama ni haki ya kupiga kura katika mkutano wa wanahisa. Hapo ndipo penye siri ya asilimia 51: si mapenzi ya mzazi, ni hesabu. Mwenye zaidi ya nusu ya kura ndiye kwa kawaida anayepitisha wajumbe wengi wa bodi, na bodi ndiyo inayomteua mkurugenzi na kuidhinisha bajeti. Wanahisa wa asilimia 49 hubaki na ulinzi wa sheria, hasa katika maamuzi makubwa yanayohitaji kura nyingi zaidi, lakini usukani hawaushiki.

Kuhusu uwajibikaji, picha ya tanzu inapotosha zaidi. Tawi la benki ni sehemu ya benki ileile. Kampuni inayomilikiwa si tawi: kisheria ni mtu kamili, hushtaki na kushtakiwa, hudaiwa na kulipa kodi kwa jina lake. Faida ikipatikana, gawio humfikia mmiliki popote alipo. Deni likizidi, kwa kawaida mmiliki hupoteza hisa zake tu, wala hadaiwi zaidi. Mfanyakazi au mkulima anayedhani kwamba "mama" atamlipia "mwanawe" amedanganywa na istilahi kabla hajadanganywa na mtu yeyote.

Huenda mhadhiri akaniuliza: je, PPC haikuleta mtaji na ujuzi? Ilileta, na kiwanda cha 2015 ni ushahidi. Lakini mmiliki anaweza kusifiwa kwa kazi yake bila kuitwa mama. Wengine watasema mama ni neno la kuwapamba wageni kutoka Ulaya tu. Sivyo. Mwaka 2024, Holcim ya Uswisi iliuza hisa zake katika Bamburi ya Kenya, na mnunuzi alikuwa Amsons ya Tanzania. Leo wamiliki wa ng'ambo ya mpaka ni majirani zetu, na huenda kesho tukawa sisi. Ujirani haubadilishi hesabu ya kura.

Ninapendekeza tuseme "kampuni miliki" na "kampuni milikiwa". Hayana utamu wa mama, lakini yanasema ukweli: kuna anayemiliki, kuna kinachomilikiwa, na umiliki huuzwa. Tena yanamlazimisha msomaji aulize swali sahihi: anamiliki kiasi gani?

Jambo hili si la darasani tu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na hapa Kamembe, mkabala na Bukavu, ni lugha ya biashara ya kila siku. Baadhi yetu ndio tutakaotafsiri mikataba ya ajira na ripoti za kampuni. Mtu wa Muganza atakayesaini karatasi hizo atategemea neno tutakaloliweka. Tusimwekee mama mahali ambapo sheria imeweka mwenye hisa.