Wizi wa Kampala wa 2020 na duka la Bunia

Jumatatu ya tarehe 5 Oktoba 2020, Stanbic Bank Uganda, MTN Uganda na Airtel Uganda walitoa tangazo moja kwa pamoja. Lilisema kwamba mtoa huduma mmoja wa nje amepata hitilafu katika mfumo wake, kwamba huduma zote za kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu zimesimamishwa, na kwamba salio za wateja hazikuguswa. Huyo mtoa huduma hawakumtaja. Magazeti ya Kampala yalimtaja: Pegasus Technologies, kampuni ya Uganda inayounganisha malipo kati ya mabenki na kampuni za simu. (Haihusiani na ile programu ya kijasusi ya Israeli yenye jina hilohilo.) Kiasi kilichotajwa kuibwa kilizidi dola milioni 3.

Sisi wa Bunia, mashariki mwa Kongo, tunapaswa kulisoma tukio hili kwa makini zaidi kuliko tulivyofanya wakati ule. Bidhaa nyingi za soko letu hutoka au hupita Uganda, zikiingia kwa Mahagi na Aru, au zikivuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Anayeagiza mzigo Kampala hulipa Kampala, mara nyingi kwa simu.

Kazi ya kampuni kama Pegasus ni kuondoa usumbufu. Bila ya mwunganishi, kila benki ingelazimika kujenga njia yake hadi kwa kila kampuni ya simu, hadi kwa kampuni ya umeme, ya maji, ya televisheni. Mwunganishi hujenga njia hizo mara moja, kisha wote hupitia kwake. Benki humpa ufunguo, kampuni ya simu humpa ufunguo, na tangu hapo amri yoyote inayofika na ufunguo huo katika muundo sahihi hutekelezwa. Kompyuta inayopokea haina namna ya kujua ni nani aliyeketi upande wa pili.

Hapo ndipo walipopitia. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, wezi waliingia katika mfumo wa mwunganishi na kutuma maagizo kana kwamba wao ndio yeye. Benki ikaagizwa kuhamisha pesa kwa kampuni za simu, na kampuni za simu zikalipa kwenye SIM kadi zipatazo 2,000. Kwa hiyo benki haikuhitaji kuvunjwa, na MTN na Airtel hazikuhitaji kuvunjwa.

Kwa nini SIM kadi 2,000? Sababu ni kwamba akaunti ya pesa ya simu ina kikomo cha siku, na wakala wa mtaani ana noti chache tu katika droo yake. Milioni 3 za dola haziwezi kutoka kwa wakala mmoja wala kwa wakala kumi. Lazima zigawanywe vipande vidogo na kusambazwa kwa watu wengi wanaotembea kutoka kibanda hadi kibanda. Sehemu ya kompyuta katika wizi wa namna hii huweza kwisha upesi sana. Sehemu ya miguu ndiyo ndefu, na ndiyo inayoacha alama. Kigali waliona jambo hilohilo mwaka 2019, walipokamatwa Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1 waliojaribu kuingia katika mfumo wa Equity Bank ya Rwanda. Nao walihitaji akaunti za watu wa pale za kupokelea pesa. Mahakama iliwahukumu miaka 8 jela.

Jambo la pili ni siku waliyochagua. Tarehe 3 Oktoba 2020, siku ambayo tangazo lile liliitaja kuwa ya tukio, ilikuwa Jumamosi. Benki Kuu ya Bangladesh nayo iliibiwa mwishoni mwa juma, Februari 2016. Maagizo yalitumwa usiku wa Alhamisi, Ijumaa ni siku ya mapumziko Dhaka, na kufikia Jumatatu Manila walikuwa katika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Dola milioni 81 zilipotea Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilirudi kwa sababu neno moja la Kiingereza katika jina la mpokeaji liliandikwa vibaya, na benki iliyokuwa njiani ikauliza. Mimi hukumbuka zaidi hizo milioni 20. Ziliokolewa na mtu aliyesoma.

Sasa turudi Bunia. Wenye maduka wakisikia habari za uvujaji wa data hufikiria antivirusi, na fundi yupo tayari kuwauzia. Sipingi antivirusi. Lakini tukichambua kilichotokea Kampala, swali la kwanza ni lingine: nani, mbali na wewe, anaweza kutoa amri inayokubaliwa kama yako?

Hesabu, utashangaa. Karani ana namba ya siri ya simu ya duka kwa sababu patroni husafiri. Mtoto wa ndugu aliyefungua akaunti ya barua pepe bado anakumbuka neno la siri. Fundi aliyetengeneza kompyuta alibaki na njia ya kuingia akiwa mbali. WhatsApp ya biashara iko wazi kwenye kompyuta ya mahali palipochapishwa faktura, na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Wakala wa pesa ana kaye yenye majina, namba za simu na namba za kadi za wapiga kura za wateja wake wote, nayo hulala juu ya meza. Kwetu kadi ya mpiga kura imekuwa ndiyo kitambulisho cha kila siku, hivyo kaye hiyo inamtosha mwizi kujifanya mteja na kuomba SIM yake itolewe upya.

Wizi ninaouogopa zaidi kwa maduka yetu hauhitaji ujuzi hata wa kiwango cha Kampala. Mwizi akishika WhatsApp ya muuzaji wa Kampala, hasemi neno kwanza. Husoma. Akijua mzigo uko njiani na bei yake, hutuma ujumbe mmoja: namba yetu ya malipo imebadilika. Kinga yake haina gharama. Kabla ya kulipa kwenye namba mpya, mpigie muuzaji kwa namba ya zamani, usikie sauti yake. Weka pia katika WhatsApp namba ya siri ya pili (uthibitishaji wa hatua mbili), na msimbo wa tarakimu 6 unaotumwa kwa SMS usimpe mtu, hata akijitambulisha kama kampuni ya simu.

Ufunguo ukiwa kwa mfanyakazi, gawa kazi: anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Uganda yenyewe imelipata somo hilo kwa uchungu. Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, alikiri bungeni kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu ziliingiliwa. Mwanzoni mwa 2025 walioshtakiwa mahakamani walikuwa maofisa wa wizara ya fedha. Kila jioni linganisha kilichotoka na kilichoandikwa, na usisubiri mwisho wa mwezi.

Kongo sheria tunayo. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yaani sheria ya dijitali (Code du numérique), inamwekea wajibu kila anayeshika data za watu, na wakala mwenye kaye ni mmoja wao. Kenya imekwenda mbele: sheria yake ya 2019 inataka kamishna wa data ajulishwe ndani ya saa 72 data zikivuja, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Kwa FEC (shirikisho la wafanyabiashara) ya mkoa wetu wa Ituri nina ombi moja. Izitake benki na kampuni za simu zilizopo Bunia zitoe namba ya kuzuia malipo inayopokelewa na mtu Jumamosi usiku na Jumapili, kisha iibandike katika kila duka la mwanachama.