Vidato 51 vya Han Yu

Ukivuka Daraja la Guangji mjini Chaozhou, kusini mwa Uchina, ukapita juu ya mashua 18 zilizounganishwa katikati ya mto, unafika kwenye kilima chenye hekalu la Han Yu, mshairi na msomi wa enzi ya Tang. Mbele yako kuna ngazi ya mawe yenye vidato 51. Han Yu alizaliwa mwaka 768, akahamishiwa huku kwa adhabu mwaka 819. Toa, utapata 51.

Ufundi wa hekalu hili uko hapo hapo, kabla hujaona sanamu wala kibao: anayepanda anaupitia umri wa mtu kwa miguu yake. Ngazi ina mwinuko mkali. Ukihesabu vizuri, kidato cha 24 ndicho mwaka 792, alipofaulu mtihani mkuu wa serikali baada ya kushindwa mara tatu. Hapo hujafika hata nusu, na mapaja yameshaanza kuwaka moto. Kidato cha mwisho ndipo panapoangukia waraka wake wa kumsihi Mfalme Xianzong asiupokee ikulu mfupa wa kidole cha Buddha. Mfalme alitaka kumuua. Wakubwa wenzake wakamwombea, akaponea chupuchupu, akaletwa Chaozhou.

Alikaa hapa kama miezi minane tu. Kwa nini basi wamkumbuke hivi? Mimi naona siri ni shule. Aliifufua kwa mshahara wake mwenyewe, akamkabidhi Zhao De, mwenyeji wa hapo, aisimamie. Alipoondoka, kazi haikuondoka naye. Kisa cha mamba, cha kutosa nguruwe na kondoo mtoni na kuwasomea mamba waraka wahamie baharini, ndicho kinachopendwa zaidi kusimuliwa, lakini shule ina uzito kuliko kisa hicho.

Hekalu la kwanza lilijengwa mwaka 999, likahamishiwa kilimani hapa mwaka 1189. Katikati hapo, mwaka 1092, mshairi Su Shi aliliandikia maneno ya kuchongwa kwenye jiwe. Miaka miwili baadaye naye akafukuzwa, akapelekwa Huizhou, ndani ya jimbo hili hili la Guangdong.

Ukifika juu, geuka kabla hujaingia. Hekalu linatazama magharibi: chini kuna daraja, mji wa kale, na mto ambao watu wa Chaozhou waliupa jina lake, Han. Kilima ulichosimama juu yake nacho wamekiita hivyo hivyo.